Mizani ya Chai na Kituo cha Anga

Msomaji, ukipita katika vilima vya Kericho na Bomet saa za kuuza majani ya chai, utakuta watu wamejipanga mbele ya banda la kununulia, kila mmoja na kikapu au gunia lake. Karani hutundika mzigo katika ndoana ya mizani, hungoja utulie, kisha husoma hesabu kwa sauti na kuiandika. Hapana neno linalosikilizwa kwa makini katika nchi ya chai kuliko neno hilo. Kilo 1 ikizidi au ikipungua, siku baada ya siku, hugeuka kuwa karo iliyolipwa au karo iliyobaki deni. Wengi wenu mnaosoma insha hii mmepelekwa shule kwa neno la mizani.

Kwa kuwa tunaitegemea hivyo, yafaa tujue mizani husema nini hasa. Chukua kikapu chenye kilo 10 za majani mabichi, ukitundike katika mizani ya springi ndani ya kituo cha anga kinachoizunguka dunia kilomita 400 hivi juu ya vichwa vyetu. Mshale utabaki katika sifuri. Majani ni yale yale, wala hapana hata jani 1 lililodondoka njiani, lakini mizani yasema kwamba hakuna kitu. Kwa nini?

Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba huko juu hakuna mvutano wa dunia. Nakiri kwamba mimi nami, nilipotoka chuo cha ualimu na cheti changu kikiwa kipya, nilisimama mbele ya darasa nikasema vivyo hivyo. Niliandika ubaoni, na wanafunzi wakanakili. Mwisho wa kipindi msichana mmoja aliyeketi karibu na dirisha aliinua mkono akasema, "Mwalimu, kama dunia haikivuti kituo hicho, ni kitu gani kinachokizuia kisiende zake moja kwa moja kikapotea?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia kwamba tutalizungumza siku nyingine, na jioni ile nikaketi na vitabu vyangu. Insha hii ni jibu nililopaswa kumpa siku ile. Usidhani kwamba lilipatikana kwa urahisi. Wanadamu walilitafuta kwa karne nyingi, na nchi yetu yenyewe ina sehemu yake katika habari hii, kama utakavyoona.

Tuanze zamani. Kwa muda mrefu wenye elimu wa Ulaya, wakimfuata Aristotle wa Uyunani, waliamini kwamba kitu kizito huanguka upesi kuliko kitu chepesi. Ni dhana inayopendeza akili, kwani nani asiyeona kwamba jiwe hulitangulia jani? Mtaliano Galileo Galilei hakuridhika nayo. Katika kitabu chake cha mwaka 1638 alieleza kwamba tofauti hiyo yatokana na hewa inayokizuia kitu chepesi. Hewa ikiondolewa, vyote huanguka sawasawa. Zaidi ya miaka 300 ilipita kabla maneno yake hayajaonyeshwa mbele ya macho ya ulimwengu. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa Marekani alisimama juu ya mwezi, mahali pasipo na hewa, akaachilia nyundo na unyoya wa ndege kwa wakati mmoja. Vyote viwili viligusa vumbi pamoja.

Baada ya Galileo akaja Mwingereza Isaac Newton, aliyetoa kitabu chake kikuu mwaka 1687. Newton aliuliza swali ambalo lingeweza kuulizwa na mtoto yeyote: ikiwa dunia hulivuta tunda lililo mtini, je, haiuvuti mwezi pia? Alifanya hesabu akaona kwamba huuvuta. Mwezi uko mbali, umbali upatao mara 60 ya ule wa kutoka kitovu cha dunia hadi hapa tuliposimama, na mvutano hupungua kadiri ya umbali, lakini haukomi. Jiwe likiachiliwa hapa kwetu huanguka karibu mita 5 katika sekunde ya kwanza. Mwezi huanguka kuelekea dunia karibu mita 5 hizo hizo katika muda wa dakika nzima. Huanguka hivyo usiku na mchana, na hata hivyo haujatufikia!

Ili kuifafanua ajabu hiyo, Newton alituachia mfano wa mzinga. Fikiri mlima mrefu mno, unaopita juu ya hewa yote, na mzinga uliowekwa kileleni ukielekezwa sambamba na ardhi. Risasi ya kwanza yaenda mbali kidogo kisha yaanguka. Ya pili, kwa kuwa baruti imeongezwa, yaanguka mbali zaidi. Sasa kumbuka kwamba dunia ni mviringo: kila kilomita 8 unazokwenda, uso wake huinama karibu mita 5. Basi risasi ikienda kilomita 8 kwa sekunde 1, itaanguka mita 5 katika sekunde hiyo, na ardhi nayo itakuwa imeinama mita 5 chini yake. Risasi inaanguka, ardhi inakimbia; inaanguka tena, ardhi inakimbia tena. Itazunguka dunia yote na kurudi nyuma ya mzinga bila kugusa chini.

Hilo ndilo jibu la msichana wa dirishani. Kinachokizuia kituo kisipotee ni mvutano ule ule niliosema kwamba haupo. Kama ungejenga mnara wa kilomita 400 na kusimama juu yake na mizani, mtu wa kilo 60 angesoma kilo 53, maana mvutano wa huko ni karibu sehemu 89 katika 100 za mvutano wa hapa. Kituo chenyewe hakisimami juu ya mnara wowote. Kinaanguka daima, kwa mwendo wa kilomita 7.7 hivi kwa sekunde, nacho humaliza mzunguko 1 wa dunia kwa muda wa dakika 93 hivi.

Lakini utaniuliza: kama mvutano upo, uzito umekwenda wapi? Nitakujibu kwa jambo ulilolifanya mwenyewe. Umechuma chai, kikapu kimejaa mgongoni, na kamba zake zakukata mabega. Mbele yako pana ukingo wa shamba unaofika kiunoni, nawe badala ya kuzunguka waruka chini. Kumbuka kile kitambo kifupi ukiwa hewani. Kamba zililegea! Kikapu hakikukulemea hata kidogo. Je, dunia iliacha kukivuta? Hasha, ilikuvuta wewe na ilikivuta kikapu, nanyi mkaanguka sawasawa kama nyundo na unyoya, na kwa sababu hiyo hapana aliyemlemea mwenziwe. Uzito ulirudi ghafula miguu ilipogusa udongo, pengine pamoja na maumivu ya magoti. Uzito tunaousikia ni mzigo kuvutwa huku kitu kingine, kama bega, sakafu au ndoana, kikiuzuia usishuke. Ndoana ya mizani ikianguka pamoja na mzigo, haina cha kuzuia, wala haina cha kusema.

Mwanaanga, basi, ni mtu aliyeruka ukingoni na ambaye miguu yake haijagusa chini kwa miezi sita.

Mfano wa Newton ulikaa vitabuni hadi Oktoba 4, 1957, siku ambayo Wasovieti walirusha Sputnik, kitu cha kwanza kutengenezwa na binadamu kikaizunguka dunia. Aprili 12, 1961, Yuri Gagarin akaizunguka mara 1 kwa safari ya dakika 108. Agosti ya mwaka huo Gherman Titov alikaa zaidi ya siku nzima, akawa wa kwanza kulala angani na wa kwanza kuugua kichefuchefu cha huko, maana sikio la ndani, ambalo hutuambia juu ni wapi na chini ni wapi, lilikosa cha kusema kama ile mizani yetu.

Kisha wakaja wajenzi wa vituo. Kituo cha kwanza, Salyut 1, kilirushwa na Wasovieti Aprili 1971. Watu 3 wa kwanza kuishi ndani yake walikaa siku 23 mwezi wa Juni, nao wakafa wote wakati wa kurudi, kwa kuwa kidude cha kufungia hewa kilifunguka kabla ya wakati wake. Yafaa tuwakumbuke kila tunaposifu elimu hii. Marekani walirusha Skylab Mei 1973. Mir ya Wasovieti ilianza mwaka 1986 ikadumu hadi 2001, na humo daktari Valeri Polyakov aliishi siku 437 mfululizo, kuanzia Januari 1994 hadi Machi 1995. Kituo cha Kimataifa kilianza kuunganishwa Novemba 1998, na tangu Novemba 2000 watu wamekuwa wakikaa ndani yake kwa zamu bila kukatika.

Maisha ya watu hao yamewafundisha mengi juu ya mambo tusiyoyatazama hapa nyumbani kwa sababu tumeyazoea. Chai, kwa mfano, hawawezi kuimimina kikombeni, kwa kuwa hakuna kuelekea chini. Maji yaliyoachiliwa hujikusanya kuwa tone kubwa la mviringo na kuelea. Chai yao huwa kavu ndani ya mfuko, hutiwa maji ya moto kwa bomba, kisha hunywewa kwa mrija. Hewa ya moto nayo haipandi juu ya ile ya baridi, kwa hiyo ndimi za moto huwa duara, na mtu aliyelala mahali pasipo na feni aweza kuzingirwa na pumzi yake mwenyewe iliyokwisha kutumika. Mifupa isiyobeba mzigo hudhani haihitajiwi: ile ya nyonga hupoteza sehemu 1 hivi katika 100 kila mwezi, na ndiyo sababu wanaanga hufanya mazoezi ya viungo saa 2 hivi kila siku. Kikapu kinachokuchosha ndicho pia kinachokuimarisha mifupa.

Madaktari wao walikabiliwa na shida ambayo karani wetu wa chai angeielewa mara moja. Walitaka kujua kama mwanaanga anakonda, lakini watampimaje mahali ambapo mizani husema sifuri? Hapo walikumbuka tofauti ambayo walimu wengi huikimbilia upesi mno. Uzito wa kitu ni jambo moja. Kiasi cha vitu vilivyomo ndani yake ni jambo jingine. Uzito hupotea katika kuanguka, kiasi hakipotei. Kikapu cha kilo 10 kinachoelea kituoni, ukikisukuma, kitakaidi mkono wako kama kilo 10, na kikija kwako kwa kasi kitakuumiza kama kilo 10. Kwa hiyo katika Skylab waliweka kiti kilichofungwa kwa springi. Mtu alijifunga kitini, kiti kikaachiliwa kiyumbe huku na huku, na saa ikapima muda wa kila myumbo. Mwenye mwili mkubwa huyumba polepole, na mwenye mwili mdogo huyumba upesi. Kwa kuhesabu muda huo walijua kilo zake. Mkulima angelipwa haki yake hata angani, mradi karani awe na saa.

Skylab ilitufundisha na somo jingine kwa njia ya hasara. Watu wa mwisho waliondoka Februari 1974, nacho kituo kikaachwa kizunguke kitupu. Mwezi wa Julai 1979 kilianguka, mapema kuliko ilivyotarajiwa, na vipande vyake vikatawanyika Australia ya Magharibi. Kilichokiangusha ni hewa. Hewa haikomi ghafula mahali fulani kama ukuta. Huendelea kupungua na kupungua, na hata katika kimo cha mamia ya kilomita bado kuna masalio yake yanayokipunguzia kituo mwendo. Jua likichafuka, hewa hiyo hupata joto, huvimba na kupanda juu, na kituo hukokotwa zaidi. Kituo cha Kimataifa nacho hushuka kidogo kidogo kila mwezi, na hapana budi kiinuliwe tena kwa injini za roketi kila baada ya muda.

Nani basi aliyepima hewa hiyo nyembamba isiyoonekana? Hapa, msomaji, habari yetu yashuka kutoka angani hadi pwani ya Kenya. Kaskazini ya Malindi kuna kijiji cha wavuvi kiitwacho Ngomeni, na mbele yake, ndani ya Ghuba ya Ungwana, Wataliano walisimamisha majukwaa ya chuma juu ya miguu iliyokita baharini. Aliyeongoza kazi hiyo alikuwa Profesa Luigi Broglio wa Roma, kwa mapatano na Marekani waliotoa roketi. Walipachagua mahali hapo kwa sababu pako karibu na ikweta, ambako dunia katika kujizungusha kwake huwa na mwendo mkubwa kuliko mahali pengine popote, kilomita 1,670 hivi kwa saa. Roketi ielekezwayo mashariki hupewa mwendo huo bure. Hata sisi wa Kericho, tukiwa karibu na ikweta vilevile, twasafiri kwa mwendo huo tukichuma chai, ila hatusikii.

Aprili 26, 1967, setilaiti San Marco 2 ilirushwa kutoka jukwaa hilo. Ilikuwa tufe lililobeba chombo kilichobuniwa na Broglio, na chombo chenyewe huitwa mizani. Kilikuwa na ganda jepesi la nje, na ndani yake kiini kizito, vikiunganishwa kwa mikono ya chuma inayonyumbuka. Ganda na kiini vilianguka pamoja kuizunguka dunia, kwa hiyo havikulemeana hata kidogo, kama wewe na kikapu chako. Lakini hewa nyembamba ilisukuma ganda peke yake, na kule kusukumwa kulikunja mikono kidogo sana, kiasi cha kupimika. Tazama hekima iliyoko hapo. Mahali ambapo mizani ya kawaida hunyamaza, mtu huyu alitengeneza mizani inayosema kwa sababu ya ukimya huo huo. Kwa kuwa uzito haukuwapo kuifunika sauti ndogo, msukumo hafifu wa hewa uliweza kusikilika.

Kuanzia mwaka 1967 hadi 1988 setilaiti 9 zilirushwa kutoka bahari ya Ngomeni. Mojawapo ilirushwa Desemba 12, 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa kazi ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota, na jina hilo limo katika vitabu vya elimu ya nyota hadi leo.

Miaka mingi ilipita tukiwa wenyeji wa pwani inayorushia vyombo vya wengine. Ndipo Mei 11, 2018, kutoka mlango wa maabara ya Kijapani katika Kituo cha Kimataifa, kikaachiliwa kisanduku kidogo chenye upande wa sentimita 10 hivi. Ilikuwa setilaiti ya kwanza ya Kenya, kazi ya Chuo Kikuu cha Nairobi kwa msaada wa Wajapani na Wataliano. Sasa unaweza kueleza kilichotokea mlangoni pale. Kisanduku hakikuporomoka kama jiwe lililotupwa dirishani, kwa kuwa kilikuwa kikianguka tangu zamani pamoja na kituo, kwa mwendo ule ule. Kilisukumwa kwa upole tu, wakaachana kama wasafiri 2 katika njia moja. Vilevile waweza kueleza mwisho wa vyombo vidogo kama hicho: hewa ile iliyopimwa na mizani ya Ngomeni huvikokota, hushuka, na katika muda wa miaka michache huungua kama vimondo.

Nimekusimulia haya, msomaji, ili uone namna kosa linavyoweza kuvaa nguo za elimu. Sentensi niliyoiandika ubaoni ilikuwa fupi, ilikaririka vizuri, na katika mtihani ingeweza hata kupata alama. Ilikuwa na upungufu mmoja tu, kwamba haikuwa kweli. Galileo aliuliza juu ya jambo ambalo kila mtu aliliona limekwisha. Newton aliuliza juu ya mwezi uliokuwa ukitazamwa tangu kuumbwa kwa watu. Broglio aliuliza namna ya kupima mahali pasipopimika. Na msichana aliyeketi karibu na dirisha aliuliza swali la Newton, pengine bila kulijua jina lake, akamfanya mwalimu wake afungue kitabu tena.

Nilirudi darasani wiki iliyofuata nikafuta sentensi yangu mbele ya wote, nikawaomba waifute na katika daftari zao. Kisha tukatoka nje, tukatafuta ukingo, tukaruka na vikapu. Kuliwapo kicheko kingi, na kikapu kimoja kilipasuka. Nawe fanya hivyo hivyo kabla hujaniamini. Na siku utakapopeleka majani bandani, ukamwona karani akingoja mzigo utulie ndipo asome, tambua kwamba anangoja ndoana ishike barabara kile ambacho dunia yakivuta, na kwamba katika kushika huko ndimo neno la mizani hutoka.